1JZ ya tabo kwenye GX110: Arusha inavuta, nikishuka Moshi inakata kama imegonga ukuta

DogoNjiro

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Huu ugonjwa nauuguza wiki ya tano sasa. Mafundi watatu wameshaupitia, kila mmoja kaondoka na hela yake na gari ikabaki vilevile, kwa hiyo nauweka hapa mzima mzima bila kuficha aibu.

Gari ni Toyota Mark II GX110. Ilikuja na 1G yake ya cc 2000, injini ya mstaafu anayekwenda kufuatilia pensheni. Mwaka jana nikapata mbele nzima iliyokatwa ya JZX110, ndugu yake wa tabo, yaani injini ya 1JZ-GTE VVT-i ikiwa na nyaya zake, kontrol boksi yake (kompyuta ya injini) na gia boksi yake ya oto. Kwa kuwa bodi ni moja, maunti zilikaa bila kuchomelea kitu. Ikatembea miezi minne haijakohoa.

Nikaanza kuwashwa mikono. Kwanza intakula (kipoza hewa ya tabo) kubwa ya mbele, ya Kichina. Halafu ekzosi ya inchi 3 kuanzia kwenye tabo mpaka nyuma, kazi ya kuchomelea ya Unga Limited, safi kabisa kusema kweli. Halafu ile valvu ya kutema hewa inayofanya pshaaa ukiachia mafuta. Hiyo nakiri ni ushamba, lakini ni ushamba wangu. Mwisho kidhibiti cha busti cha mkono, kile cha kuzungusha, elfu 45 dukani. Fundi alikifunga ndani, chini ya dashibodi, ili niwe nazungusha nikiwa nimekaa. Busti, yaani presha inayoongezwa na tabo, ikatoka baa 0.7 ikawa 1.0. Siku hiyohiyo nikabadilisha koili zote tatu, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, na plagi sita, maana muuzaji aliniambia ukiongeza busti ni lazima.

Sasa tatizo. Nikiwa Arusha gari inavuta kama imetumwa. Nimeijaribu barabara ya mchepuo usiku na mchana, hakuna kitu. Jumamosi moja nampeleka mama Kibosho. Tumepita uwanja wa ndege wa KIA, tunakaribia Boma Ng'ombe, mbele kuna lori la saruji linajikongoja. Nakanyaga nilipite, gia inashuka, sindano inapanda, halafu PAA. Moto umekatika. Sio kukohoa, ni kama mtu kavuta hendibreki. Mama alikuwa siti ya nyuma na ndoo ya maziwa mgando katikati ya miguu. Mnaweza kujaza wenyewe. Mpaka leo nikifunga vioo juani nakumbushwa. Nilipoachia mafuta, sekunde moja tu, gari ikarudi kama haikusema kitu. Ikanifanyia tena mara mbili kabla ya Kwasadala.

Jumapili narudi: inakata mpaka maeneo ya KIA, nikishapanda Usa River imepona yenyewe. Nimekwenda na kurudi mara tatu, jibu ni lilelile. Geji ya busti inasoma 1.0 Arusha na inasoma 1.0 Boma. Taa ya cheki injini haiwaki.

Fundi wa kwanza alibadilisha filta na pampu ya petroli. Wa pili akabadilisha plagi ambazo zilikuwa na wiki moja. Wa tatu kasema kontrol boksi imekufa, nitafute nyingine. Imekufaje Boma, ikafufuka Usa River?

---

MangiSpana

Gari imefika nyumbani kwao ikagoma kurudi mjini, wewe unatafuta fundi. Chinja mbuzi kwanza hahaha.

Nikiacha utani, mafuta hayo. Ukijaza Moshi kwenye kituo kibaya utaona mambo.

---

DogoNjiro

Mangi, mafuta najaza Arusha, kituo kilekile, tenki nzima. Narudi na mafuta yaleyale na inapona njiani.

---

SubaruSakina

Mkuu pole, hasa ya mgando. Mimi nina Forester SG5 ya tabo, na hiyo pshaaa yako ndiyo mchawi. Niliifunga ya kwangu nikaona raha siku mbili. Siku ya tatu niko kwenye foleni ya Kilombero, naachia mafuta, gari inazima. Nawasha, nasogea, inazima tena. Moshi mweusi nyuma, daladala wananipigia honi kama nimewaibia.

Sababu ni kwamba hewa imeshapimwa na sensa kule mwanzoni, kontrol boksi imeshaandaa petroli ya hewa hiyo, wewe unaitema nje. Petroli inabaki nyingi kuliko hewa. Nilirudisha valvu ya kiwandani inayorejesha hewa kwenye mpira wa kuingilia, nikapona. Toa hiyo kitu kabla hujanunua kontrol boksi.

---

BustiBilaMipaka

Hiyo ni kontrol boksi inakata petroli kwa kuona busti imezidi. Dawa ipo, kuna kidude kidogo unakikatia kwenye waya wa sensa ya presha, kinaidanganya kwamba busti haijafika huko. Nusu saa kazi imeisha. Mimi nimeweka kwenye Chaser yangu na natembea na busti ya 1.3.

---

MzeeWaKiboriloni

Kijana wangu, nimesoma mara mbili. Umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, wao husema tu "gari inamisi" (silinda hazichomi sawasawa) halafu wanakaa kimya.

Nianze na wa Sakina. Anachosema ni kweli kabisa kwa Subaru yake, maana ile inapima hewa inayoingia. 1JZ-GTE haina kipima hewa cha namna hiyo. Ina sensa inayosoma presha ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, na hewa uliyoitema nje haijawahi kuhesabiwa na mtu. Piga pshaaa zako, tatizo haliko hapo.

BustiBilaMipaka ugonjwa kaupatia, dawa ndiyo imenitisha. Mlinzi anapiga filimbi, wewe unamziba mdomo. Kabla ya kumziba, nenda ukaangalie kaona nini. Nozeli za kupuliza petroli za kiwandani za hiyo injini ni cc 380 kwa dakika. Ukidanganya sensa, kontrol boksi inatoa petroli ya presha ndogo wakati ndani kuna presha kubwa, na joto linalopatikana hapo linatoboa pistoni. Nimeshafungua injini ya namna hiyo, pistoni ya sita ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Sasa Arusha na Moshi. Geji yako inasoma presha iliyozidi ile ya hewa ya nje. Sensa ya gari haifanyi hivyo, yenyewe inasoma presha yote, ya nje na ya tabo kwa pamoja. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ya nje ina presha ya 0.86 hivi. KIA na Moshi mko kati ya mita 800 na 900, hapo ni 0.91 mpaka 0.92. Jumlisha 1.0 ya tabo: Arusha sensa inaona 1.86, Boma inaona zaidi kidogo, na ukiteremka Tanga au Dar itaona 2.01. Sindano yako haijasogea, lakini kontrol boksi inaona gari nyingine kabisa.

Tofauti ni ndogo, kama 0.05 tu. Kwa hiyo wewe uko ukingoni, na hicho ndicho kinachonishangaza. 1.0 tupu haitakiwi kukufikisha ukingoni kwenye injini hiyo. Nahisi geji inakuficha kitu. Una 1.0 baada ya sindano kutulia. Kabla haijatulia inafika wapi?

---

KokotoOffroad

Mzee samahani, lakini Moshi ni joto kuliko Arusha na hewa ya joto ni nyepesi. Si ingetakiwa ipungue?

---

MzeeWaKiboriloni

Nguvu itapungua kwa joto, sawa. Lakini kinachokata petroli ni presha, na sensa ya presha haijali kama hewa ni ya moto au ya baridi. Ndiyo maana mtu anaweza kusema gari yake nzito siku hiyo, na bado ikamkatia.

---

DogoNjiro

Mzee, shikamoo tena. Umenikalisha chini.

Jana nimeshuka na mdogo wangu, kazi yake moja tu, kurekodi geji kwa simu, ile rekodi ya mwendo wa taratibu. Nimeweka kishikio kwenye 2, nikasubiri barabara iwe tupu, nikakanyaga. Ikakata, safi. Tukapaki kivulini tukaangalia video.

Kwa macho ya kawaida sindano inakwenda 1.0 na kukaa. Kwenye video inaruka mpaka 1.25, inatetemeka pale kama imeshtuka, halafu inarudi 1.0. Haimalizi hata sekunde. Na moto unakatika palepale kwenye mruko, kabla haijarudi. Tumerudia Tengeru, mruko ni uleule wa 1.25, lakini haikukata.

Kwa hiyo hesabu ya Mzee, Tengeru haijafika ukingoni, Boma imevuka. Nimekaa na hiyo simu mkononi nikawakumbuka mafundi watatu na pampu mpya ya petroli.

(Wakati wa kurudi nikala tochi ya trafiki Maji ya Chai, faini elfu 30. Hiyo siidai kwa mtu.)

Swali: mruko unatoka wapi? Intakula? Ekzosi?

---

MzeeWaKiboriloni

Umefanya kazi nzuri. Sasa niambie mpira wa kidhibiti una urefu gani. Kutoka kwenye tabo, uingie ndani ya dashibodi, urudi kwenye westigeti.

---

DogoNjiro

Nimepima kwa futi ya fundi nguo jirani yangu. Kwenda na kurudi ni mita 3 na sentimita 20. Na mpira wenyewe ni ule laini wa kupitisha maji ya kunawia kioo.

---

MzeeWaKiboriloni

Basi ndiye huyo.

Westigeti ni mlango wa kupunguza hewa ya moto ya ekzosi inayosukuma tabo. Unafunguliwa na presha inayofika kwenye kopo lake. Kidhibiti chako kazi yake ni kuizuia hiyo presha mpaka ifike kiwango ulichoweka, halafu kuiachia. Sasa umemtuma mtoto dukani kupitia Himo. Presha inatoka kwenye tabo, inaingia ndani ya gari, inautunisha mpira laini, inapita kidhibiti, inarudi tena mita moja na nusu, ndiyo inafungua mlango. Wakati huo tabo imeshapitiliza. Na ekzosi yako ya inchi 3 imeifanya iamke haraka zaidi, kwa hiyo inapitiliza mbali zaidi.

Fanya vitu viwili kwa mpangilio huu, usiviunganishe siku moja. Kwanza kiondoe kidhibiti kabisa. Mpira mfupi mgumu wa vakyumu, kutoka kwenye tabo moja kwa moja mpaka kwenye kopo la westigeti. Angalia video tena. Kama busti inakaa karibu na 0.7 mpaka mwisho wa mizunguko, westigeti ni nzima. Kama inapanda polepole kadiri mizunguko inavyoongezeka, 0.8, 0.9, 1.0, basi tundu la westigeti limezidiwa na ekzosi, na hapo kidhibiti chochote utakachofunga ni pambo.

Ikipita hiyo, rudisha kidhibiti lakini kikae pembeni ya tabo, ndani ya boneti, mipira isizidi urefu wa kiganja. Habari ya kuzungusha ukiwa umekaa uisahau.

Na ukiwa umefungua huko, pima mabomba yote kama yanavuja. Kwenye gari ya sensa ya presha mvujo hauharibu mchanganyiko, ila unaitesa tabo bure.

---

SubaruSakina

Mzee nakubali kusahihishwa. Ila bado ile pshaaa siipendi.

---

DogoNjiro

Wakuu nimerudi, siku tisa baadaye.

Nianze na mvujo maana ndio ulionichekesha. Sina kompresa, nikaenda kwa fundi pancha wa hapa mtaani. Nimetengeneza kizibo kwa kipande cha bomba la plastiki la inchi 3, kofia yake, na pua ya tairi tubulesi katikati, nikakifunga kwa klampu mdomoni mwa tabo. Fundi pancha akauliza gari ina matairi mangapi siku hizi. Tukajaza taratibu mpaka 1.0, mimi napaka povu la sabuni kwa brashi ya kupakia rangi kila kwenye maungio. Moja, mbili, tatu, kavu. La nne, lile la chini ya betri ambalo halionekani mpaka ulale chali, povu likaanza kuvimba. Kipovu kimoja kikubwa kama shavu la mtoto anayepuliza ugali wa moto, kikapasuka, kikaja kingine. Klampu ilikuwa imekazwa juu ya ukingo wa bomba badala ya nyuma yake. Bisibisi, dakika mbili.

Kisha nikatoa kidhibiti kama Mzee alivyosema. Mpira wa sentimita 20. Boma Ng'ombe, namba 2, video: 0.7, inagusa 0.75 juu kabisa, inakaa. Haikukata hata mara moja. Nikaendelea mpaka mjini Moshi, nikazunguka kipilefti cha Mnara wa Saa, nikarudi. Haikukata. Kwa hiyo westigeti inamudu ekzosi.

Siku iliyofuata nikarudisha kidhibiti pembeni ya tabo, nikaweka 0.9. Mruko sasa unafika 0.97 na kushuka. Nimeshuka mara mbili na sijasikia ukuta. Nimeamua kubaki hapo, 1.0 sirudi mpaka nipate kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Nikijua inasoma 11.5 hivi (hewa 11.5 kwa petroli 1) ikiwa kwenye busti ndiyo nitathubutu kugusa kisikrubu.

Ila ukuta ulipoondoka kuna kitu kidogo kimebaki, nadhani kilikuwepo muda wote kikimezwa na kelele kubwa. Kuanzia mizunguko 5,000, busti ikiwa imejaa, kuna kutetemeka. Trrr, kama kupita kwenye matuta madogo. Hii inatokea hata Arusha.

---

MangiSpana

Hiyo sasa ni kumisi kwa kawaida. Toa plagi zote, zipange mezani kwa namba, piga picha.

---

DogoNjiro

Nimezipanga juu ya gazeti. Ya 1, 3, 4 na 6 zina rangi ya biskuti. Ya 2 na ya 5 ni nyeusi tii.

---

MangiSpana

Koili. VVT-i ina koili tatu kwa silinda sita, kila moja inapiga mbili kwa wakati mmoja: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Ingekuwa plagi mbovu ungeona moja. Ukiona mbili, na zikiwa mapacha wa koili moja, hakuna haja ya kwenda kwa mganga. Zile za zamani ulizitupa?

---

DogoNjiro

Zipo, nilizifunga kwenye mfuko wa unga. Muuzaji alisema zimechoka.

---

MangiSpana

Zirudishe hizo. Na plagi zipunguze mwanya, za dukani huja na milimita 1.1, kwa busti yako weka 0.8. Tumia fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, usikadirie kwa jicho kama mafundi wa Pasua, na hapo najisema mwenyewe.

---

DogoNjiro

Nimerudisha koili moja tu ya zamani kwanza, ile ya 2 na 5, nikaacha mpya mbili zingine ili nijue nimetibu nini. Trrr imekwisha. Kesho yake nikarudisha na hizo mbili, na plagi zote nimeweka 0.8. Koili ya zamani ukiishika ni nzito, ile mpya ni nyepesi kama boksi la kiberiti. Sijui kwa nini sikuzishika zote mbili siku ile dukani. Nimeirudisha kwa muuzaji, kasema spea za umeme hazirudishwi.

Jumamosi nimempeleka mama tena. Kakaa siti ya mbele safari hii, ndoo kaiweka kwenye buti na kuifunga kwa khanga mbili. Tumelipita lori palepale kabla ya Boma, gia ikashuka, nikasubiri PAA, haikuja. Mama kashika mlango muda wote na hakusema neno mpaka Kwasadala, akauliza kama tumeshapita pale mahali.

Mzee wa Kiboriloni, nilipita kwako nikakuta umeenda msibani, nimemwachia kijana wako maziwa lita tatu. BustiBilaMipaka, kaka, toa hicho kidude kabla hujateremka Tanga.

SubaruSakina, kuhusu pshaaa: bado ipo. Mama mwenye nyumba ameomba isisikike getini baada ya saa nne usiku, tumekubaliana.